UZI: Mavuno ya zabibu ni ziara ya bendi, ila tuanzie kwenye mpira wa maji, siyo kwenye lebo

Mvunaji wa Usiku

Wakuu, habari za muda huu.

Kila roki na mvinyo vikitajwa pamoja, picha inayokuja ni ileile: nyota wa zamani, tumbo limeanza kutangulia, glasi mkononi, nyuma yake vilima vya mizabibu na jua linazama. Baada ya hapo inaletwa chupa yenye fuvu. Sina ugomvi na picha hiyo, ila imenichosha, maana humo ndani kuna mtu mmoja tu, na ndiye pekee ambaye hakuchafuka.

Nimefanya kibarua misimu miwili ya mavuno, upande wa ghalani, kule zabibu zinakopokewa na kugeuzwa mvinyo. Kabla ya hapo nilikuwa nabeba spika na kukunja nyaya za bendi moja ya roki ambayo hata nikiitaja hamtaijua. Usiku wa tatu wa msimu wa kwanza, saa nane, nimelowa mpaka soksi, nikajikuta nacheka peke yangu. Kazi hii naijua. Hii ni ziara!

Shabiki anaona saa moja na nusu ya jukwaani. Haoni lori lililofika alfajiri, masanduku ya magurudumu, nyaya, wala watu wanaolala kwa zamu. Mnywaji naye anaona chupa. Kilichopo katikati ni wiki 6 hadi 8 za watu wasiojua leo ni Jumanne au Ijumaa.

Zabibu haipangiwi ratiba. Inavyoiva, sukari inapanda na asidi inashuka, na kuna siku chache tu ambazo hivyo viwili vimekaa vizuri pamoja. Unapita kwenye mistari, unachuma punje hapa na pale, unakamulia tone kwenye refraktomita, kile kidude kama darubini ya mkononi kinachosoma sukari. Ikisoma Briksi 24, ujue ikichacha yote utapata mvinyo wa kilevi cha asilimia 13 hadi 14 hivi. Bosi akisema usiku wa leo, ni usiku wa leo, hata kama dada yako anaolewa. Na inakuwa usiku kwa sababu zabibu yenye ubaridi haianzi kuchacha ndani ya lori na inafika na harufu yake yote.

Lori likifika, vichala vinapita kwenye mashine ya kutoa vikonyo, punje zinaingia tangini. Kama ni mvinyo mwekundu, hamira ikishaanza kazi inatoa gesi, gesi inasukuma maganda juu, yanajikusanya yanakuwa kofia nene. Rangi na tanini, ule ukakasi wa mdomoni, ziko kwenye hayo maganda, kwa hiyo lazima uyazamishe: ama kwa mti mrefu wenye bamba mwishoni, ama kwa kuvuta juisi chini na pampu na kuimwagia juu. Mara 2 au 3 kwa siku, sikukuu hazihesabiwi. Tangi likishapamba moto, nyuzi 28 hivi, kofia inakaza kiasi kwamba unaweza kuuning'inia ule mti kwa uzito wako wote na usizame. Hapo ndipo mtu anaposogea kwenye spika na kuongeza sauti. Huo mdundo wa gitaa lenye kunguruma unakuwa kama mkono wa pili.

Halafu kuosha. Mtu akiniuliza mvinyo unatengenezwa kwa nini, namjibu: kwa maji. Unaosha mashine kabla, unaosha baada, unaosha mpira uliotumia kuoshea. Mafundi wa jukwaa mtanielewa. Muziki ni sehemu ndogo ya kazi ya muziki.

Ghalani kwetu sheria ilikuwa moja: aliye zamu kwenye mashine ya kukamua ndiye mwenye muziki. Mzunguko mmoja wa kukamua zabibu nyeupe ni saa 2 hadi 3. Puto la ndani linajaa hewa, linabana taratibu, linalegea, pipa zima linazunguka, linabana tena zaidi kidogo. Huwezi kuliharakisha, ukiliharakisha unakamua uchungu wa mbegu na maganda. Saa 3 ni albamu 4 za santuri, pande zote mbili. Mimi albamu nzimanzima nimezijua pale, siyo wimbo mmoja mmoja.

Sasa nawauliza: nyie mnaona roki na mvinyo vinakutania wapi? Na mlioshika mpira wa maji, mlikuwa mnasikiliza nini?

---

Shabiki Sugu

Mkuu umeandika vizuri ila nakupinga mapema kabla uzi haujajaa sifa.

Kwanza, kwa hoja yako kila kazi ya kubeba vitu vizito usiku ni ndugu yake na ziara ya bendi. Hata kuhama nyumba. Pili, umesema mavuno, lakini yote uliyoeleza ni ya ghalani. Shambani umepaacha. Nani anavuna? California wavunaji wengi wametoka Mexico, na redio iliyofungwa kwenye trekta mwisho wa mstari inapiga muziki wa kwao, wa akordioni na matarumbeta. Watu wanalipwa kwa uzito au kwa kreti, wanakimbia kabisa, siyo kutembea. Hapo hakuna gitaa la kunguruma. Roki iko kwa wale walioko chini ya paa.

---

Mvunaji wa Usiku

Shabiki Sugu, la kwanza nakukatalia, la pili umenishika pabaya.

Ni kweli. Mimi sikuvuna shambani hata siku moja, jina langu la humu ni la kujisifia tu. Niliwaona wavunaji kwa mwanga wa taa za kichwani, kama nyota zinatembea chini kwa chini, na kisu chao kilichopinda nilikishika mara moja nikajikata. Walikuwa na muziki wao, sisi tulikuwa na wetu, na lori ndilo lililotuunganisha. Ghalani wanajaa vijana wa msimu kutoka kila kona ya dunia, leo yupo kaskazini kwa mavuno ya Septemba, Machi yuko kusini ya ikweta kwa mavuno mengine. Mabegi mgongoni, fulana nyeusi, michoro mikononi. Hao ndio wanaokuja na roki. Wangekuwa wanamuziki tungesema wako ziarani.

Kwa hiyo nasahihisha kichwa cha uzi kichwani mwangu: siyo mavuno yote, ni nusu yake yenye paa.

---

Mama Santuri

Nilikuwa napita tu, lakini mkitaja roki na mvinyo bila Maynard James Keenan mtakuwa mmeniudhi.

Huyu ni mwimbaji wa Tool, bendi iliyoanzia Los Angeles mwaka 1990. Mwaka 1995 aliacha mji mkubwa akahamia Jerome, Arizona, kijiji cha mlimani kilichokuwa cha wachimba shaba mpaka migodi ilipofungwa mwaka 1953. Kiko kama mita 1,500 juu ya bahari. Watu wakisikia Arizona wanawaza jangwa na mbigili, wanasahau kwamba juu huko usiku unapoa sana, na zabibu inapenda mchana wa jua na usiku wa baridi, ndivyo asidi inavyobaki. Mwaka 2004 akaanzisha ghala lake la mvinyo, Caduceus Cellars. Kucheza na ardhi ile si mchezo: baridi kali ya masika inaunguza machipukizi, halafu mvua za kiangazi za radi na mawe zinakuja karibu na kuiva, na kuna wanyama wa porini kama nguruwe wanaoitwa javelina ambao hawajui kama zabibu zina mwenyewe. Mwaka 2021 bonde la Verde, lililo chini ya mlima huo, likatambuliwa rasmi na serikali ya Marekani kuwa eneo la mvinyo lenye jina lake. Yaani mwimbaji na wenzake wachache waliochekwa, sasa jina liko kwenye ramani.

Lakini kinachonishika mimi ni mama yake. Judith Marie alipatwa na mshipa kupasuka kichwani mwaka 1976, Maynard akiwa mtoto, akaishi amepooza miaka 27 mpaka alipofariki mwaka 2003. Piga hesabu, ni siku kama 10,000, na jina la albamu yao ya mwaka 2006 ndiyo hesabu hiyo. Majivu ya mama aliyamwaga kwenye mojawapo ya mashamba yake ya mizabibu, na mvinyo wa pale ukapewa jina la Judith.

Sasa huyo mtamwita mtu wa fuvu kwenye chupa?

---

Shabiki Sugu

Mama Santuri shikamoo. Simwiti hivyo, ila acha na mimi nilie kidogo. Baada ya hiyo albamu ya 2006 tulingoja iliyofuata mpaka 2019. Miaka 13! Mitandaoni tukawa tunalaumu zabibu. Kila akionekana na mkasi wa kupogolea tunasema basi, mwaka mwingine umeenda.

---

Mama Santuri

Marahaba mwanangu. Mzabibu ukiupanda leo, mavuno ya maana ni mwaka wa 3. Mvinyo wake mwekundu mzuri unakaa pipani mwaka au mwaka na nusu, kisha chupani. Mtu aliyezoea saa hiyo, nyie mnaodai albamu kila Desemba mnamsumbua tu. Na bendi ina watu 4, msimbebeshe mmoja.

---

Kijana wa Pinot

Mimi wangu ni Les Claypool, mpiga besi wa bendi ya Primus. Yule jamaa besi anaichapa kama anaidai deni, muziki wake wa vurugu na kejeli. Alipoingia kwenye mvinyo, kule Sebastopol kaskazini mwa California, akachagua Pinot Noir! Zabibu yenye ganda jembamba sana, inayooza ukiikazia macho, inayopasuka mvua ikinyesha wiki ya mwisho. Ningemtegemea kwenye Shiraz nzito ya kutafuna. Mpaka leo napenda hilo jambo na sijui kwa nini.

---

Besi Nne

Nimesoma yote. Mimi pombe situmii, lakini sauti ndiyo kazi yangu miaka 16, na uzi huu unaelekea mahali ambapo kila mwaka mtu ananiuliza, kwa hiyo nijibu kabisa: je, ukipigia pipa muziki, kinywaji kinabadilika?

Metallica mwaka 2018 walitoa wiski yao, Blackened, na habari kubwa ilikuwa kwamba mapipa yanapigiwa nyimbo zao kwa masafa ya chini sana ili mtetemo uongeze msuguano kati ya kinywaji na mbao. Kule Apalta, Chile, ghala la mvinyo la Montes linapigia mapipa nyimbo za watawa za Kigregori. Mmoja anatikisa, mwingine anabembeleza.

Fizikia yake ni hii. Sauti ya hewani ikigonga kimiminika, karibu nguvu yote inarudishwa. Inayoingia haifiki hata sehemu moja kwa mia. Sauti ya hezi 40, ile unayoisikia kifuani kwenye tamasha, wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 na nusu hivi. Pipa la kawaida la mvinyo ni lita 225, unalizunguka kwa mikono miwili na rafiki. Wimbi linalipita kama basi linavyolipita jiwe. Ukitaka kweli kulitikisa, spika ya chumbani haitoshi, unabandika kitikisaji moja kwa moja kwenye mbao. Hapo mtetemo unaingia, hilo sibishi.

Swali ni kama unautaka. Wiski inatafuta mbao kwa nguvu, inakaa na mwaloni miaka mingi. Mvinyo ukipata mbao kupita kiasi unaonja fanicha. Na pipani mnataka mashapo yatulie chini, siyo yacheze. Kwa hiyo kwa mvinyo naona mtetemo ni hadithi nzuri ya kuuzia. Mvunaji nisahihishe kama nimekosea upande wa mashapo.

---

Mvunaji wa Usiku

Hujakosea, ila kuna ya nyongeza: mvinyo mweupe wa pipani mara nyingi tunayakoroga makusudi yale mashapo ya hamira, kwa fimbo yenye kijiti kilichopinda, ili mvinyo unenepe mdomoni. Lakini tunayakoroga siku tunayotaka sisi. Tukimaliza tunataka utulivu. Kwa hiyo nakubaliana: hamira haina masikio. Muziki unamfaa aliyeshika fimbo.

---

fundi_pampu

Naona mnapeana raha. Sasa sikilizeni mtu wa misimu 11.

ZIMENI MUZIKI.

Siyo wakati wote. Lakini huyu Mvunaji anawaambia mtu anasogea kwenye spika anaongeza sauti juu ya tangi linalochacha, na mimi nikisoma hivyo nywele zinasimama.

Lita moja ya juisi ya zabibu ikichacha inatoa zaidi ya lita 40 za kabonidioksidi. Tangi la lita 10,000 piga mwenyewe. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inalala chini, inakaa kwenye mashimo, inakaa ndani ya tangi ambalo umeshalimwaga mvinyo na limebaki maganda. Halafu kuna kazi ya kuingia humo na koleo kuyatoa maganda. Watu wamekufa hivyo kwenye nchi nyingi zinazotengeneza mvinyo, na mara nyingi wanakufa wawili: aliyeingia na aliyemfuata kumwokoa. Kipimo cha gesi kinalia. Kinalia kwa mlio mwembamba. Wewe umeweka gitaa mbili na ngoma mbili za kupigwa kwa mguu kwenye ghala la zege linalorudisha mwangwi. Utakisikia saa ngapi?

Pili pampu. Pampu ikivuta hewa badala ya juisi inabadilisha sauti. Kwanza inakohoa, kisha inaanza kulia juu. Una kama nusu dakika kabla ya kuiua. Mimi pampu nazisikiliza kama mama anavyomsikiliza mtoto aliyelala chumba cha pili. Msimu mmoja kijana mmoja wa zamu alikuwa kazama kwenye wimbo wa dakika 12, pampu ikakauka, ikaungua, mpira ukachomoka upande wa pili, mvinyo ukaenda kwenye mfereji. Siku hiyo nilitaka kulia mimi.

Tatu tangi lenyewe linaongea. Likiwa kwenye kasi, weka sikio: linachemka kama mvua kwenye bati. Likipunguza ghafla kabla sukari haijaisha, kuna tatizo, hamira imechoka au imepata joto. Nimewahi kuligundua hilo kwa sikio saa 12 asubuhi kabla hata ya kupima.

Ghalani kwangu: muziki kwenye kuosha, ruksa. Kwenye mashine ya kukamua, ruksa kwa sauti ya kuongea. Tangi likifunguliwa mdomo wa chini, kimya. Atakayewasha, atafute ziara nyingine.

---

Besi Nne

Fundi umeongea. Naongezea la masikio: desibeli 85 ndiyo watu wa usalama kazini wanaikubali kwa saa 8, na kila ukipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100 una dakika 15. Mkiosha matangi kwa mashine ya msukumo mkubwa, hiyo peke yake ina kelele, halafu mnaweka muziki juu yake ili usikike, mnafika 100 bila kujua. Fundi wa sauti mzuri anavaa vizibo. Nyie wa ghalani vaeni pia, ila kwa hoja hiyo ya fundi, vaeni vile vinavyopunguza bila kufunga kabisa, mbaki mnasikia king'ora.

---

Mvunaji wa Usiku

Fundi heshima yako. Kwetu spika ilizimwa wakati wa kuingia matangini, sikuandika tu kwa sababu nilikuwa nanogesha. Na nakiri kwenye kuzamisha maganda tulikuwa tunaizidisha. Hili la kusikiliza tangi nilifundishwa mwishoni mwa msimu wa pili na bibi mmoja wa maabara. Alinishika bega akaizima redio mwenyewe bila kuuliza zamu ni ya nani. Tukasimama pale dakika nzima. Sikumwelewa siku hiyo.

---

Mchungaji wa Kelele

Nimecheka na "atafute ziara nyingine".

Nataka niwapeleke Ufaransa, mahali ambapo hivi vitu viwili vinakaa jirani bila mtu kuvipangia lebo. Clisson, kusini mashariki ya Nantes. Mji wa watu wapatao 7,000, na kila mwaka mwezi Juni unapokea Hellfest, tamasha kubwa la roki nzito lililoanza hapo mwaka 2006. Makumi ya maelfu ya watu kwa siku, fulana nyeusi mpaka upeo wa macho. Na mji huo uko katikati ya mashamba ya Muscadet!

Muscadet ni mvinyo mweupe, mkavu, mwepesi, wenye ukali wa ndimu na kaladha ya chumvichumvi. Zabibu yake ni Melon de Bourgogne, iliyoshika kasi huko baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingi. Yaani ni mvinyo wa mtu aliyenusurika. Unaachwa juu ya mashapo ya hamira majira yote ya baridi, na wa daraja la juu unaobeba jina la Clisson lenyewe unakaa juu ya mashapo hayo miezi 24 au zaidi, kwenye matangi ya chini ya ardhi. Jiwe la chini huko ni matale, granaiti tupu.

Sasa fikiria umesimama Juni kwenye jua, magitaa yanavuma, mkononi siyo bia, ni kikombe cha plastiki cha Muscadet baridi. Mwili wote unakubali. Wale wanaosema muziki mzito unataka mvinyo mzito hawajawahi kusimama saa 6 kwenye vumbi. Kitu kizito ukikitilia kizito kingine unalala.

Na mama Santuri, kwa habari ya majivu: pale kwenye uwanja wa Hellfest kuna sanamu kubwa ya Lemmy, mpiga besi wa bendi ya Motörhead, aliyefariki Desemba 2015, na sehemu ya majivu yake imewekwa humo. Jerome mama mzazi, Clisson mpiga besi. Wote wamelala jirani na mizabibu.

---

Mama Santuri

Hili la Lemmy lilikuwa limenipita. Asante. Nimeweka simu chini kidogo.

---

Shabiki Sugu

Mchungaji umenipa hoja bila kujua. Hellfest ni Juni. Tamasha la BottleRock kule Napa, lililoanza 2013, ni Mei. Mei na Juni mzabibu ndiyo kwanza unachanua au umemaliza kuchanua, vichala ni vipele vya kijani. Kwa nini matamasha haya hayakuwekwa katikati ya mavuno? Kwa sababu wenye mashamba hawana mkono wa kushika kikombe! Kwa hiyo "utamaduni wa roki na mavuno" ni vitu viwili visivyoonana kwenye kalenda. Mwanamuziki mwenye shamba kaskazini, Septemba ana ziara na ana mavuno. Lazima kimoja akisaliti.

---

Mvunaji wa Usiku

Na hicho ndicho kipimo changu cha nani ni nani. Usiangalie lebo, angalia Septemba yuko wapi.

AC/DC mwaka 2011 waliingia mkataba na Warburn Estate ya Australia, kila chupa ikabeba jina la wimbo wao mmoja. Sidhani kama yupo aliyetegemea mpiga gitaa wao, Angus Young, aje na kaptura yake ya shule kuosha matangi. Ile ni fulana ya bendi iliyo kwenye umbo la chupa, na fulana ya bendi ni kitu halali, mimi ninazo 9. Usiniambie tu kwamba fulana imeshonwa na mpiga gitaa.

---

Kijana wa Pinot

Na Cliff Richard je? Yule wa roki ya mwanzo kabisa Uingereza. Alikuwa na mashamba Algarve, Ureno, mvinyo wake wa kwanza ulikuwa wa mavuno ya 2001, na ghala likaitwa Adega do Cantor, maana yake ghala la mwimbaji. Huyo unamweka wapi?

---

Mvunaji wa Usiku

Katikati. Ghala lenye jina la kazi yako na siyo jina lako, hiyo ni adabu fulani.

---

Mdadisi wa Meza

Naomba kuuliza kama mnywaji tu. Je, muziki unabadilisha ladha mdomoni? Maana nikiweka roki nzito mvinyo mwekundu naona unakuwa mtamu zaidi, mke wangu anasema ni mimi ndiye ninayebadilika.

---

Besi Nne

Mkeo yuko karibu na sayansi kuliko wewe. Mwanasaikolojia Adrian North na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature mwaka 1997 jaribio la dukani Uingereza: siku wanapiga akordioni ya Kifaransa, siku matarumbeta ya Kijerumani. Mvinyo wa Kifaransa ukatoka zaidi siku za akordioni, wa Kijerumani siku za matarumbeta, na wateja wengi walipoulizwa walikana kwamba muziki uliwagusa. Baadaye, mwaka 2008 pale chuo kikuu cha Heriot-Watt, Edinburgh, North aliwapa watu mvinyo uleule huku muziki ukibadilika. Waliosikia muziki mzito na wa kishindo wakasema mvinyo ni mzito na wa kishindo. Waliosikia laini wakasema laini. Mvinyo haukubadilika hata tone.

Kwa hiyo weka unachopenda. Mimi juisi ya zabibu naisikiliza na chochote.

---

fundi_pampu

Juisi ya zabibu ni tamu kuliko mvinyo wote, na anayesema tofauti hajainywa saa 11 alfajiri ikitoka kwenye mashine bado ya baridi. Siku ya kwanza ya msimu kila mtu ghalani kwangu anapewa kikombe kimoja cha hiyo kabla hajashika kitu. Hata asiyekunywa pombe. Besi Nne ukiwa jirani na mavuno popote, kikombe chako kipo.

---

Besi Nne

Nitakuja na vizibo vya masikio vya watu wote. Na spika ndogo, usiogope, ndogo.

---

fundi_pampu

Ndogo kiasi gani?

---

Mvunaji wa Usiku

Mzee, anaosha au haoshi?

---

fundi_pampu

Akiosha, achague yeye.